Dohani Iliyobaki Medora

Hotuba kwa wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Akina mama, vijana wa mnadani, na nyinyi madalali mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Nimeombwa niwasimulie maisha ya mfugaji aliyethubutu mpaka akawa mfanyabiashara mkubwa. Barua ya mwaliko imesema kabisa, "mfano wa kuigwa". Mnisamehe, huyo sikuja naye. Nimekuja na mtu aliyeanzisha mji porini, akajenga machinjio, akanunua mabehewa ya barafu, akafungua njia ya magari ya farasi, na haikupita miaka minne akawa amefunga karibu kila kitu. Waliofanikiwa mnao hapa mjini, waulizeni wenyewe, na mtaona jinsi wanavyozunguka kujibu. Aliyeanguka ana faida moja: daftari lake liko wazi, kila mtu anapekua.

Jina lake lilikuwa refu kama kamba ya kisima: Antoine-Amédée-Marie-Vincent Manca Amat de Vallombrosa. Cheo chake cha ukabaila, Marquis de Morès. Mimi nitamwita Morès, tusije tukamaliza muda kwenye jina. Alizaliwa Paris, Juni 1858. Akasoma chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, darasa moja na Philippe Pétain, yule aliyekuja kuongoza serikali ya Vichy wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa. Jeshi halikumkalia vizuri, akaliacha. Mwaka 1882 akamwoa Medora von Hoffman, binti wa mwenye benki wa New York. Lishikeni jina la Medora. Na lishikeni neno benki, maana bila baba mkwe hadithi hii isingefika hata kwenye kununua kamba.

Kabla sijamvusha bahari, nani humu ndani hajawahi kusindikiza lori la ng'ombe?

Naona mikono michache. Basi niwaambie ya kwangu. Nilikuwa kijana, nikapewa lori la kutoka Shinyanga kwenda Pugu. Nilikaa juu ya bomba na fimbo yangu, kazi ikiwa moja tu: ng'ombe akilala, mwinue, kwa sababu akilala wenzake watamkanyaga. Unampinda mkia, unamchokoa ubavuni, unamtukana mpaka na mama yake. Tulipokaribia Dodoma mmoja akalala na hakuinuka tena. Tulimchinja pale pale kando ya barabara, usiku, kwa mwanga wa taa za lori, nyama tukaiuza kwa bei ya kutupa. Waliobaki walifika Pugu mbavu zinahesabika, na dalali akazihesabu kweli, akashusha bei ubavu kwa ubavu. Ndani ya lori lile tulilipia nauli ya pembe, kwato, kinyesi na maji ya tumboni. Wauza supu msinune, najua utumbo una wateja wake. Lakini mnajua ninachosema: karibu nusu ya mzigo ule haikuwa nyama, na nusu ya pili ilikuwa inayeyuka njiani.

Morès aliiona hesabu hiyo hiyo mwaka 1883, katika nchi ya Dakota, kaskazini mwa Marekani. Reli ya Northern Pacific ilikuwa imeshapita pale. Ng'ombe wa nyanda zile walipakiwa wakiwa hai, wakasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi Chicago, wengine wakafa njiani, waliofika wakawa wamekonda. Chicago wakachinjwa, nyama ikapakiwa tena kwenda miji ya mashariki. Gustavus Swift, mmoja wa wakubwa wa nyama wa Chicago, alikuwa ameshaonyesha kwamba nyama inaweza kusafiri ndani ya behewa la barafu bila kuoza. Mfaransa wetu akauliza swali la mtoto: kwa nini ng'ombe aende Chicago? Mchinje hapo hapo anapokula majani, pakia nyama, peleka New York moja kwa moja. Unaokoa nauli, unaokoa uzito, na watu wa kati wote umewaruka.

Mimi nimekuwa afisa mifugo zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na bado sioni kosa kwenye hesabu hiyo.

Tarehe 1 Aprili 1883, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Little Missouri, Morès alisimamisha hema, akavunja chupa ya mvinyo wa shampeni juu ya kigingi cha chuma, akatangaza kwamba hapo sasa ni mji na jina lake ni Medora. Siku ya wajinga duniani, ndiyo, na wako waliomcheka kwa hilo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji cha wawindaji na walevi ambacho watu walikitania kwa jina la Little Misery, yaani Taabu Ndogo. Ndani ya muda mfupi upande wake kukawa na hoteli, duka, ofisi, nyumba za wafanyakazi, gazeti lililoitwa The Bad Lands Cow Boy, na kanisa Katoliki la matofali alilolijenga mkewe mwaka 1884. Na machinjio yenyewe, yenye dohani ndefu ya matofali iliyoonekana kutoka mbali. Yalijengwa kwa uwezo wa kuchinja hadi ng'ombe 150 kwa siku. Barafu ilikatwa mtoni wakati wa baridi, ikahifadhiwa, na maghala ya barafu yakajengwa kandokando ya reli ili mabehewa yaongezewe njiani.

Yeye na familia walikaa juu ya kilima, kwenye nyumba ya vyumba 26. Wachunga ng'ombe waliiita kasri. Mimi nikiangalia picha naona nyumba ya mbao yenye baraza, lakini ukiwa unalala kwenye kibanda cha magogo na panya, hata hiyo ni kasri. Mama Medora alikuwa mwindaji hodari, anapanda farasi siku nzima na bunduki yake, akirudi jioni anapiga piano. Laiti angeandika kumbukumbu zake, leo ningekuwa nasimulia habari za mama, siyo za mzee.

Sasa tuje kwenye pori lile lililoitwa "tupu". Wazee mnalijua neno hilo, mmelisikia likisemwa na watu wenye ramani. Pori lile halikuwa tupu. Lilikuwa nchi ya Walakota, Wamandani, Wahidatsa na Waarikara, na miaka saba tu kabla ya chupa ile kuvunjwa, Walakota na Wacheyenne walikuwa wamemuua Jenerali Custer wa jeshi la Marekani na askari wake kwenye vita vya Little Bighorn, siyo mbali sana kutoka pale. Baisani, nyati wale wenye nundu waliokuwa chakula chao, walimalizwa na wawindaji wa ngozi, na kundi kubwa la mwisho la kaskazini lilikwisha mwaka huo huo wa 1883. Majani ambayo Morès aliyaona hayana mwenyewe yalikuwa yamebaki bila mlaji kwa sababu mlaji wake alikuwa ameuawa juzi.

Na hata wale wazungu waliomtangulia, wawindaji wa kule Taabu Ndogo, walikuwa na desturi yao: majani ya wote, njia za wote, hakuna ua. Morès akanunua ardhi kutoka kampuni ya reli, akanunua na nyingine kwa hati, halafu akazungushia seng'enge. Kisheria alikuwa na karatasi. Lakini waya ule ulikata njia ambazo watu walipita kila siku. Wakaukata. Akaurudisha. Wakaukata tena, wakatuma na salamu kwamba wakimwona watampiga risasi.

Tarehe 26 Juni 1883, mji hauna hata miezi mitatu, Morès na watu wake waliwangojea wawindaji watatu njiani. Risasi zikapigwa. Kijana mmoja, Riley Luffsey, akafa. Mahakimu wa karibu walimwachia Morès, lakini maneno hayakwisha. Mwaka 1885 alishtakiwa rasmi, akawekwa ndani katika mji wa Bismarck akisubiri kesi, na Septemba baraza la mahakama likamwona hana hatia. Alitoka huru. Ila nyinyi mmeishi vijijini, mnajua tofauti ya kuachiwa na mahakama na kuachiwa na majirani. Anayetaka kununua ng'ombe wa watu na kuajiri vijana wao hawezi kuwa na kaburi la kijana wa pale katikati yake na wao.

Akiwa rumande ndipo alipomwandikia barua jirani yake mmoja, kijana wa miwani kutoka New York aliyekuwa na ranchi mbili maeneo yale. Alikuwa amesikia kwamba watu wa kijana huyo wanawapa mashahidi fedha. Akamwandikia kwa adabu ya kikabaila: kama wewe ni adui yangu niambie, waungwana wana njia yao ya kumaliza mambo. Njia hiyo ni bunduki mbili asubuhi na mapema. Yule kijana akajibu kwamba si adui yake, na angekuwa adui angekuwa wa wazi, lakini kama ni vitisho, basi yuko tayari kuwajibika wakati wowote. Morès akalainisha maneno, mambo yakaisha. Kijana huyo ni Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1901, na ndiye huyo huyo aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda simba wetu. Kama Morès angekuwa na hasira kidogo zaidi na shabaha nzuri, simba kadhaa wa Kenya wangekufa kwa uzee.

Turudi machinjioni, kwa sababu hapo ndipo penye somo langu, mengine ni porojo za kuwaamsha.

Ukiwauliza watu wanaopita Medora leo kwa nini Morès alianguka, wengi watakwambia ni ile baridi kuu. Majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 yalikuwa balaa kweli. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kikavu, malisho yamejaa ng'ombe kuliko uwezo wake, halafu theluji ikawahi, ikayeyuka kidogo, ikaganda juu kama kigae. Ng'ombe hawakuweza kuichimba wafike kwenye nyasi. Walikufa kwa mamia ya maelfu nchi nzima ya nyanda zile, na majira ya kuchipua mito ilibeba mizoga siku nyingi. Roosevelt alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake. Ni hadithi nzuri, ina huzuni, na haimlaumu mtu.

Lakini machinjio ya Medora yalifungwa Novemba 1886, baridi hiyo ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe inakataa.

Waliomfunga Morès ni majani. Ng'ombe wa Dakota alikula nyasi tupu. Nyasi zinaota majira ya kuchipua, ng'ombe anarudisha mwili polepole, anafika kilele mwisho wa kiangazi na majira ya vuli. Baridi ikiingia anaanza kula mafuta yake mwenyewe, mpaka Machi ni ngozi imetundikwa juu ya mifupa. Kwa hiyo machinjio yenye uwezo wa ng'ombe 150 kwa siku yalikuwa na ng'ombe wa maana miezi michache tu kwa mwaka. Iliyobaki boila limepoa, mabehewa yamesimama, wachinjaji wanalipwa au wameondoka. Sisi tuna msemo, ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Morès alitaka anenepe kila siku ya mnada, Januari mpaka Desemba, kwa kula theluji.

Chicago walikuwa na nini? Mahindi. Nyuma ya Chicago kuna Illinois na Iowa, nchi za mahindi kama Rukwa na Iringa mara nyingi sana. Ng'ombe wa nyikani alinunuliwa amekonda, akapelekwa kwa mkulima wa mahindi, akafungiwa, akalishwa, akanenepa wakati wowote wa mwaka. Hapo ndipo wenzetu wa unenepeshaji wa hapa, wa mashudu na pumba, mnapata riziki. Machinjio ya Chicago hayakulala. Na kule hakuna kilichotupwa: ngozi kwa watengeneza viatu, mafuta kwa sabuni, mifupa kwa gundi, damu kwa mbolea. Nyama ingeweza kuuzwa kwa faida ndogo sana kwa sababu pembe ilikuwa imeshalipa nauli. Ile nusu ya mzigo niliyoilalamikia mimi juu ya lori, wao ndiyo iliyowalipia chakula cha jioni. Morès alifikiria kuutumia utumbo wake kama mbolea ya kulima kabichi za kuuza mashariki. Kabichi! Simcheki, angalau alilitambua tatizo.

Halafu mlaji. Mtu wa New York alishazoea nyama ya ng'ombe wa mahindi, laini, yenye mafuta meupe yaliyoingia ndani ya mnofu. Nyama ya majani ina ladha, mimi binafsi naipenda zaidi, lakini inataka meno. Morès alifungua na maduka yake New York ili auze moja kwa moja kwa mlaji, bei ya chini. Bei ya chini haikutosha kuwatafunisha watu.

Yeye mwenyewe aliwalaumu wakubwa wa nyama wa Chicago na reli zilizowapa nauli za upendeleo. Na hapo hakusema uongo. Wakubwa wale walikuwa na nguvu ya kumbana mdogo kila upande, na reli zilimpenda mteja wa mabehewa elfu kuliko mteja wa mabehewa kumi. Ila ningekuwa mshauri wake, ningemwambia: hata wakikuacha kwa amani, Machi utachinja nini?

Alipoona nyama haiendi, alitawanyika. Alileta maelfu ya kondoo, zaidi ya nusu wakafa. Alisafirisha samaki aina ya samoni kutoka mto Columbia hadi New York ndani ya mabehewa yale yale ya barafu. Alianzisha magari ya farasi kutoka Medora hadi Deadwood, kwenye machimbo ya dhahabu, safari ya kilomita zaidi ya mia tatu, akitegemea kupata mkataba wa kubeba barua za serikali. Mkataba haukuja, magari yakafa. Kila wazo ukilichukua peke yake lina akili. Tatizo, kila moja lilianza kabla lililotangulia halijasimama, na yote yalikunywa kisima kimoja, fedha za baba mkwe. Mzee von Hoffman akachoka. Hata mkwe mwema ana siku anafunga sanduku.

Baada ya hapo maisha yake yanakwenda mahali pabaya na sitaki kuyapaka chokaa. Aliwinda India. Akajaribu kujenga reli Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, akakwama na wakubwa wa serikali. Akarudi Paris akaingia siasa za chuki dhidi ya Wayahudi, akiwa na kundi la wachinjaji wa soko la La Villette kama walinzi wake. Alipenda kudai kwamba Wayahudi ndio waliomfilisi Marekani. Swift hakuwa Myahudi. Armour, mkubwa mwingine wa nyama wa Chicago, hakuwa Myahudi. Machi nayo haina dini. Juni 1892 alimuua kwa upanga, kwenye pambano la watu wawili, Kapteni Armand Mayer, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, mtu ambaye hakuwa na uhusiano wowote na ng'ombe wake. Mwaka 1896, tarehe 9 Juni, naye aliuawa jangwani, mpakani mwa Tunisia na Libya, na watu wa msafara aliokuwa amewaamini wamwongoze. Zilibaki siku tano atimize miaka 38.

Nimewaletea mtu huyu akiwa mzima, na ubaya wake, kwa sababu nimechoka na hotuba za waanzilishi wa miji ambao wote walikuwa malaika.

Mji wake bado upo. Wakazi hawafiki mia mbili, na bado ndio makao makuu ya wilaya. Watu huja kwa ajili ya hifadhi ya taifa yenye jina la Roosevelt. Sanamu ya Morès imesimama mjini. Mjane wake alirudi mwaka 1903 na watoto wawili, wakakaa wiki kadhaa kwenye ile nyumba ya vyumba 26, halafu akafunga milango. Machinjio yaliungua mwaka 1907. Mwanawe Louis aliitoa nyumba na viwanja kwa chama cha historia cha jimbo mwaka 1936, na ukienda leo unaoneshwa samani zao. Pale chini, karibu na reli, dohani imebaki peke yake katikati ya nyasi.

Ndugu Mwenyekiti, naona kupitia dirishani lori la mnada wa kesho limeshafika, na ng'ombe bado wako juu, wamesimama juani tangu nianze kuongea. Maswali tutayapokea baadaye chini ya mti. Naomba kwanza twende tukawashushe.